KUFUFUA JAHAZI BOVU HATA LIWE MAKAO

Mtu asafiriye katika pwani yetu ya kusini, tangu Kilwa hata Lindi, Mikindani na Mtwara, hakosi kuona mashua au jahazi lililoachwa mchangani. Mbao zimeachana, mlingoti haupo, na kuku wametaga ndani yake. Wapitao husema, "Hicho ni kuni tu." Pengine ni kweli, na pengine si kweli. Makala hii yaeleza jinsi fundi apimavyo chombo cha namna hiyo, jinsi akifufuavyo, na mambo yampasayo mtu atakaye kulala, kupika na kukaa ndani yake. Wasomaji wataona kwamba kazi hii ina sayansi, hesabu, jiografia na historia, yaani masomo yale yale tunayofundishwa darasani.

SISI WA BARA YATUHUSU NINI?

Huenda mwanafunzi wa Lisekese akauliza hivyo, kwa kuwa bahari iko mbali nasi. Yako majibu matatu.

Kwanza, mbao. Mkongo na mninga ni miti ya misitu yetu ya miombo, na mbao zake zimetumika tangu zamani kuunda vyombo vya baharini. Mkongo ndio mti ambao watu wa pwani ya Kenya huuita mbambakofi. Jahazi linaloelea pwani huenda lilianza maisha yake likiwa mti huku bara.

Pili, korosho. Ganda la korosho lina mafuta meusi, makali, ambayo hayapendwi na wadudu wala ukungu. Huko India mafuta hayo yametumika kuhifadhi mbao za mashua na nyavu za wavuvi. Watu wa Masasi na Newala wayajua vema mafuta hayo, maana huunguza ngozi ya mtu abanguaye korosho. Kwa sababu hiyo hayafai kupakwa mahali ambapo mtu atalala au ataweka chakula.

Tatu, historia ya mji wetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani walitoka Unguja kwa bahari, wakashuka Lindi, kisha wakaenda kwa miguu hadi Masasi. Mmoja wa mapadre waliofanya kazi Masasi na Newala katika miaka iliyofuata, Chauncy Maples, alipata kuwa Askofu wa Likoma. Mwaka 1895, alipokuwa akirudi kazini, mashua yake ya matanga ilipatwa na tufani katika Ziwa Nyasa, naye akafa maji. Basi habari za vyombo si ngeni kwetu.

KUPIMA KABLA YA KUANZA

Fundi hodari haanzi na nyundo. Huanza kwa kutazama, kugonga na kuchoma kwa kisu. Ubao mzima ukigongwa hutoa sauti kali; ubao uliooza hutoa sauti nzito, kama mtu agongaye gunia. Ncha ya kisu ikiingia kwa urahisi, mahali hapo pana uozo, na lazima atafute mwisho wake kila upande.

Kisha huenda kwenye mkuku, yaani ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote kama uti wa mgongo. Huvuta uzi toka omo, mbele, hata tezi, nyuma, aone kama mkuku umenyoka. Chombo kilichokaa miaka mingi juu ya mchanga usio sawa hupinda. Katikati huinuka, na ncha mbili hushuka. Baada ya hapo hutazama mataruma, ambayo ni mbavu za chombo, kila moja, hasa pale chini karibu na mkuku ambapo maji ya mvua hutuama.

Hesabu yake ya mwisho ni hii. Kama mbao za nje zimeoza lakini mkuku na mataruma mengi ni mazima, chombo chaweza kufufuliwa. Kama mataruma nusu yameoza lakini mkuku ni mzima, kazi ni kubwa, lakini yawezekana. Mkuku ukivunjika au ukioza, inafaa kuchukua misumari, makapi na mbao zilizo nzima, na kuunda chombo kipya. Mtu asiyekubali hukumu hiyo atatumia fedha zake zote juu ya kitu kisichoweza kuelea, au vibaya zaidi, kitaelea siku ya utulivu na kufunguka siku ya dhoruba, watu wakiwa ndani wamelala.

KUKITOA MAJINI

Hapa jiografia ya mwezi na bahari huingia. Mwezi uandamapo na mwezi uwapo mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa katika mstari mmoja, na maji ya bahari hujaa sana na kupwa sana. Majira hayo watu wa pwani huyaita bamvua. Kati ya bamvua moja na nyingine hupita kama majuma mawili, na katikati huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Katika pwani yetu, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika meta 3 na zaidi.

Basi mafundi hungoja bamvua. Maji yajaapo hata mwisho wake, hukivuta chombo juu kadiri kiwezavyo kuelea, wakakishika hapo. Maji yakipwa, chombo hukaa nchi kavu, nao hukitegemeza kwa gadi, yaani miti imara ya kuzuia ubavu huu na huu, kisilale upande. Maji ya majuma yale mengine hayakifikii. Chombo kikipandishwa vema wakati wa bamvua, bahari yenyewe imefanya kazi ya winchi.

Majira ya mwaka nayo yana maana. Mvua za masika hazifai kwa kazi ya kuziba mbao, kwa sababu ubao uliolowa haushiki mafuta. Mafundi hupenda siku kavu.

MAADUI WA MBAO

Wako maadui wawili wakubwa, na tabia zao ni mbali mbali.

Wa kwanza ni ukungu uozeshao mbao. Ukungu wahitaji hewa na maji. Ubao ambao maji yake hayafiki asilimia 20 ya uzito wa ubao mkavu, hauozi. Ubao uliozama kabisa daima, nao hauozi upesi, maana hakuna hewa ya kutosha. Mahali pa hatari ni pale penye unyevu na hewa pamoja: chini ya sitaha inayovuja, katika pembe zisizopata upepo, na palipotuama maji ya mvua. Maji ya mvua huozesha kuliko maji ya chumvi, maana chumvi huzuia ukungu. Ndiyo sababu mabaharia wa zamani waliosha sitaha kwa maji ya bahari asubuhi na jioni. Kufanya hivyo kuliwapa faida mbili: mbao zilipata chumvi, na hazikukauka hata kuachana.

Adui wa pili hukaa katika maji ya chumvi tu. Ni mnyama atobowaye mbao, mwenye umbo kama la mnyoo, lakini kwa kweli ni wa jamii ya chaza na kome. Huingia akiwa mdogo kama kichwa cha sindano, kisha hukua ndani na kuchimba njia. Kwa nje ubao waonekana mzima, nao kwa ndani umekuwa kama sega la nyuki. Mnyama huyu hufa chombo kikikaa nchi kavu majuma mengi, au kikikaa muda mrefu katika maji matamu. Watu wa pwani humwua pia kwa moto. Hukusanya makuti makavu, huyawasha na kuyapitisha upesi chini ya chombo, hata ubao upate joto bila kushika moto. Kazi hiyo hukausha pia mwani na chaza wadogo waliogandamana, wakapata kukwanguliwa kwa urahisi.

KUBADILI MATARUMA NA MBAO

Kosa la wanaojifunza ni kuvua mbao zote mbovu siku moja. Chombo hushikwa na mbao zake. Ukizivua zote, umbo lake hupotea, na hakuna atakayelirudisha. Sheria ni kuvua moja, kutia moja.

Taruma halikatwi kutoka ubao ulionyoka. Fundi hutembea msituni akitafuta tawi lililopinda lenyewe kwa kiasi kilekile kinachotakiwa. Nyuzi za mti hufuata pindo la tawi, hivyo huwa na nguvu. Ukikata pindo katika ubao ulionyoka, nyuzi hukatika, na taruma hupasuka wimbi linapopiga. Tawi likipatikana, huchongwa kwa tezo. Siku hizi miti haikatwi ovyo. Huna budi kupata kibali cha misitu, na mikoko ya pwani hulindwa zaidi, kwa kuwa ndiyo mazalio ya samaki na kamba, na ndiyo ukuta wa ufuko.

Mbao za nje ziwe zimekaushwa vizuri kivulini. Maungo ya mbao mbili zinazofuatana yasikutane mahali pamoja, maana hapo patakuwa na udhaifu. Matundu ya misumari hutobolewa kwanza kwa keke, ubao usipasuke. Msumari huzungushiwa uzi wa pamba uliochovywa katika mafuta, halafu hupigwa. Uzi huziba tundu na kuzuia kutu. Tena, misumari ya chuma isigusane na shaba chini ya maji. Metali mbili za namna mbali mbali zikiwa pamoja katika maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na chuma huliwa upesi.

Yafaa tukumbuke kwamba msumari si wa asili katika pwani hii. Kitabu cha baharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, chaeleza vyombo vilivyoshonwa kwa kamba katika mji wa Rhapta, na chasema hata jina la mji latokana na vyombo hivyo. Watu wa Lamu na visiwa vyake waliendelea kuunda mitepe, vyombo vya kushonwa vyenye tanga la mkeka, hata karne ya 20. Mtepe ukiharibika, kamba hukatwa na kushonwa upya, kama mtu ashonaye nguo.

KUKALAFATI NA KUDEHENI

Hata mbao zikikaa vizuri namna gani, kati yake hubaki nafasi ndogo. Kukalafati ni kuziba nafasi hizo. Fundi huchukua pamba, huisokota, huichovya katika mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya papa, kisha huishindilia kwa patasi butu na nyundo. Hapa hekima yatakiwa. Pamba ikiwa chache, chombo huvuja. Ikiwa nyingi mno, mbao zitakapofura majini hazitakuwa na mahali pa kwenda, zitasukuma mataruma na kuyang'oa.

Kukalafati kukiisha, upande wa ndani na wa juu wa mbao hupakwa sifa. Harufu yake ni mbaya, lakini hulinda sana. Upande wa chini, utakaokaa majini, hupakwa deheni, ambayo ni chokaa iliyochanganywa na shahamu ya wanyama. Wanafunzi wa kemia wataelewa sababu yake. Mafuta na magadi makali hufanya sabuni tuijuayo, nayo huyeyuka majini. Lakini mafuta na chokaa hufanya sabuni ya namna nyingine, isiyoyeyuka. Basi chombo huwa kimevikwa ngozi ya sabuni ngumu, ambayo mnyama atobowaye hapiti kwa urahisi. Deheni haidumu, baada ya miezi michache lazima chombo kipandishwe, kikwanguliwe na kupakwa tena. Aliyezoea nyumba ya matofali afahamu kwamba nyumba ya majini hudai ada yake kila mwaka.

SIKU YA KUSHUSHA

Bamvua nyingine ikija, chombo hurudi majini. Mtu asiogope akiona kinavuja siku ya kwanza. Mbao zilikuwa kavu. Zikinywa maji hufura na kubanana, na baada ya siku chache uvujaji hupungua. Lakini apime. Tuseme maji yaingia lita 2 kila dakika, kiasi kidogo ambacho mtu aweza kukidharau. Kwa saa moja ni lita 120, na kwa siku ni lita 2,880, yaani karibu tani tatu. Kwa upo, chombo cha kufulia maji, unaochukua lita 6, ni lazima kufua mara 480 kwa siku, mara 20 kila saa, mchana na usiku. Mtu mmoja hawezi kufanya hivyo na kulala pia. Kwa hiyo asihamie ndani mpaka ajaribu kulala ufukoni kwa siku kadhaa, na kila asubuhi apime kwa kijiti kina cha maji yaliyoingia ngamani, ambayo ni sehemu ya chini kabisa ya chombo.

KUKIFANYA MAKAO

Kukaa chomboni si jambo jipya. Majahazi makubwa ya Uarabuni na Ghuba yalikuja Afrika Mashariki kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na mabaharia wake waliishi juu ya sitaha kwa miezi mingi. Baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alisafiri nao mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait lililofika Unguja na delta ya Rufiji kuchukua boriti za mikoko. Mambo yafuatayo ndiyo ya maana kwa atakaye kuishi hivyo.

1. Uzito. Kila kizito kikae chini. Farumi, yaani mawe au mchanga wa kutuliza chombo, huwekwa juu ya mkuku na kufungwa isihame. Watu wanne, kila mmoja akitumia lita 5 za maji kwa siku kunywa na kupika, kwa siku 10 wahitaji lita 200, ambazo ni kilo 200. Pipa hilo likiwekwa juu ya paa la kibanda, chombo kitayumba na huenda kikapinduka. Likiwekwa chini, litakuwa sehemu ya farumi.

2. Moto. Jiko liwe katika sanduku lililojazwa mchanga, liwekwe mahali palipo wazi, tena upande ambao upepo hautapeleka cheche kwenye tanga. Kamwe mtu asilale katika kibanda kilichofungwa pamoja na jiko la makaa. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huua mtu usingizini.

3. Hewa. Kibanda kiwe na matundu mbele na nyuma ili upepo upite, na mbao za sakafu ziweze kuinuliwa. Pumzi ya watu na mvuke wa chungu hulowesha mbao, na tumekwisha kuona kwamba unyevu na hewa iliyotuama ndiyo chakula cha ukungu.

4. Usafi. Majahazi yalikuwa na kisanduku cha choo kilichoning'inizwa nje upande wa nyuma. Karibu na kijiji au mahali pa kuogelea, desturi hiyo haifai. Uchafu uwekwe katika chombo chenye kifuniko na kupelekwa chooni nchi kavu.

5. Nanga na sheria. Chombo kiwe na nanga mbili na kamba ndefu, taa usiku, na boya la kuokoa kwa kila mtu, hata mtoto. Katika Tanzania Bara, ukaguzi na usajili wa vyombo hufanywa na TASAC. Kabla ya kuondoka, nahodha asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Juu ya mlingoti na tanga hatusemi mengi. Tanga la pembe tatu hufungwa katika foromali, mti mrefu uinuliwao juu ya mlingoti kwa kamba na kapi. Chombo hakiwezi kwenda moja kwa moja kuuelekea upepo. Huenda kwa bisho, mara upande huu, mara upande ule. Aliyefufua chombo bila kujifunza kukiendesha ana nyumba tu, na nanga ikikatika hana msaada.

MIFANO MIWILI YA KUKUMBUKA

Meli iitwayo Liemba si ya matanga, lakini hakuna mfano mkubwa zaidi wa kufufua chombo katika nchi yetu. Iliundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa Kigoma na kuanza kazi mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe. Lakini kabla ya kufanya hivyo mafundi waliipaka mitambo grisi nyingi. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo ilifaa kutengenezwa, na mwaka 1927 ilianza kazi tena. Grisi ya siku moja iliokoa meli ya miaka.

Mfano wa pili ni meli iliyopewa jina la yule Askofu Chauncy Maples. Iliundwa Glasgow, ikashushwa majini mwaka 1901, nayo katika Ziwa Nyasa ilikuwa kanisa, shule na makao ya walimu. Katika karne hii ulianzishwa mpango wa kuitengeneza huko Monkey Bay, Malawi, iwe zahanati ya ziwani, lakini mpango huo ulisimama kazi ikiwa haijaisha. Anayepima gharama na apime za kumalizia pia, si za kuanzia tu.

MWISHO

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Chombo kingi kilichoachwa mchangani hakikuuawa na dhoruba. Kiliuawa na tundu dogo ambalo halikuzibwa, na maji ya mvua ambayo hayakufuliwa. Mafundi wajuao kazi hii wanazidi kuzeeka, na vijana wachache huwafuata. Mwanafunzi afikaye Lindi au Mtwara wakati wa likizo akiona chombo kinatengenezwa, asimame, awasalimu mafundi kwa adabu, ashike ncha moja ya ubao, na aulize. Atajifunza mengi.

MAZOEZI

1. Chombo chavuja lita 3 kila dakika. Maji mangapi yataingia kwa saa 8? Upo wachukua lita 6; utafuliwa mara ngapi?

2. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025, na ya maji matamu kilo 1. Chombo chenye uzito wa tani 10 kitaondoa lita ngapi baharini, na ngapi kikiingia mto Rufiji? Kitazama zaidi wapi?

3. Eleza kwa nini maji ya mvua huharibu mbao kuliko maji ya bahari, na kwa nini mnyama atobowaye mbao hayupo katika Ziwa Nyasa.

4. Taja miti mitatu ya wilaya ya Masasi iwezayo kutoa mbao ndefu, na mmoja utoao matawi yaliyopinda. Waulize wazazi wako majina yake kwa Kimakua, Kiyao au Kimakonde.